Sikukuu kwenye familia ya dini mchanganyiko: maswali ninayoulizwa kila mwaka hapa Mwanza

Hapa Mwanza ni ngumu kupata ukoo ambao wote wana dini moja. Kwetu mimi ni Mkatoliki, mume wangu Muislamu, dada yangu aliolewa kwa Wasabato na yeye sasa ni Msabato kabisa, mama mkwe wangu hakosi swala hata moja, na babu yangu kule Kwimba dini zote zilimpita, yeye anaendelea na mababu zake. Kila ikikaribia Krismasi au Eid naulizwa maswali yaleyale, na mawifi, na kina mama wa jumuiya, na mabinti wanaotaka kuolewa, kwahiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Mimi sio sheikh wala sista, swali la fatwa mpelekee sheikh wako na la sakramenti mpelekee paroko. Mimi naongelea mambo ya ndani ya nyumba, yaani nani anachinja, nani anapika, watoto wanaenda wapi na nani analipa.

Tusherehekee sikukuu zote au tuchague za upande mmoja?

Zote, ila kila sikukuu iwe na mwenyewe. Hili ndo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Eid kwetu ni ya mume wangu, yeye ndo anapanga, anaamka na watoto wanaenda kuswali, mimi napika na kupokea wageni lakini siendi kwenye swala na hakuna aliyewahi kunitaka niende. Krismasi ni yangu, naenda misa ya mkesha, mume wangu ananipeleka mpaka getini kwa sababu usiku ule usafiri ni shida, anarudi kunichukua. Yeye haimbi nyimbo na mimi simlazimishi. Siku hiyo ni mgeni wangu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mgeni anaheshimiwa, anauliza asaidie wapi, hakosoi chakula.

Wapo wanaojaribu kuchanganya, wanatengeneza sikukuu moja ya katikati ili kusiwe na ugomvi, sijui mti wa Krismasi na kanzu na pilau vyote siku moja tarehe wanayoijua wenyewe. Mimi siwashauri. Bibi wa upande mmoja anaondoka hajaiona Eid yake na bibi wa upande wa pili hajaiona Krismasi yake, na watoto nao hawajui wamesherehekea nini. Ibada usiichanganye, kinachochanganyika ni chakula, wageni na nguo mpya.

Muislamu akila Krismasi au Mkristo akila Eid si ni dhambi?

Kwenye chakula chenyewe kuna njia. Kwenye Qur'an, sura ya 5 ya Al-Maida, aya ya 5, imesemwa chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu na cha Waislamu ni halali kwao. Wanapotofautiana masheikh ni kwenye kushiriki sikukuu yenyewe na hata kutoa hongera, kuna wanaokataza kabisa na kuna wanaoruhusu kwa nia ya ujirani na undugu. Kwahiyo kama shemeji yako hasemi "Heri ya Krismasi" ila kaja, kakaa, kala na kabeba mtoto wako mgongoni, usimhesabie neno, huyo ameshasema.

Kwa upande wa Wakatoliki mambo ni mepesi zaidi. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, Kanisa linasema linawaheshimu Waislamu, na tangu 1967 Vatikano inatuma salamu kwa Waislamu wa dunia nzima kipindi cha Ramadhani na Eid. Ikiwa Roma wanatuma salamu za Eid sioni kwanini mimi nishindwe kumtumia mama mkwe wangu meseji. Makanisa mengine yana msimamo mkali zaidi, muulize mchungaji wako.

Nyama achinje nani?

Hili ndo swali zito na naomba usilichukulie kirahisi. Kanda yetu hii ya ziwa tuna kumbukumbu mbaya, mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje ulileta vurugu kule Buseresere, Geita, mpaka mchungaji akauawa. Kwahiyo mtu akikwambia "ah, nyama ni nyama tu" mwambie hapana, watu wamekufa kwa hili.

Nyumba nyingi za mchanganyiko zinamaliza hivi: anachinja Muislamu ili wote wale. Mbuzi wa Krismasi yangu anachinjwa na shemeji yangu, ndo utaratibu wetu, na mimi kama Mkatoliki hainisumbui hata kidogo. Lakini kuna Wakristo, hasa ndugu zetu walokole, inawasumbua kweli kula kilichochinjwa kwa kisomo cha dini nyingine, na imani ya mtu huwezi kuibishia wakati sahani iko mezani. Hapo kama uwezo upo chinjeni kuku wawili, sufuria mbili, na useme wazi ipi ni ipi. Kinacholeta vita ni kuficha. Mtu akija kugundua jioni kwamba alilishwa, hatakula kwako tena na atakuwa na haki.

Ila sisi watu wa ziwani Mungu ametupa njia rahisi kuliko zote, nayo ni samaki. Fikiria vizuri. Muislamu samaki hahitaji kuchinjiwa. Mkatoliki hata Ijumaa Kuu ambayo nyama hairuhusiwi, samaki anakula. Msabato anafuata Walawi 11, anataka samaki mwenye mapezi na magamba, na sato anavyo, sangara anavyo. Yaani sato mmoja mkubwa anaweza kukaa katikati ya meza na kila mtu akanyoosha mkono bila kuuliza chochote. Angalia tu usiweke kambare, kambare hana magamba na Msabato wako atabaki anakula wali mkavu. Kwetu siku tukijumuika pande zote naamka mapema naenda mwaloni, soko la samaki la ufukweni, nachagua sato wakubwa wakiwa bado wabichi kabisa, wengine wa supu, wengine wa kuchoma, wadogo wa kukaanga, nyama inakuwa pembeni kwa wanaoitaka. Mgeni asiye wa ziwani anaweza kuona kama umembania kwa kutompa pilau ya nyama, mweleze tu, ataelewa akishaonja.

Kitimoto na bia je?

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hapana ndani ya nyumba. Sio suala la kuficha kwenye friji kwenye mfuko mweusi, hapana kabisa, kwa sababu kisu ni kilekile, kibao cha kukatia ni kilekile na mafuta ni yaleyale. Hata Wasabato hawali, kwahiyo usione kama ni upande mmoja tu unaonyimwa. Anayetamani atakula huko nje, sehemu zipo tele.

Bia wengi mtanikatalia lakini nasimama hapahapa: sikukuu ya ukoo mchanganyiko iwe bila pombe. Waislamu hawanywi, Wasabato hawanywi, wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) hawanywi, walokole hawanywi, sasa unawekea kreti wajomba wangapi? Wajomba zangu wananuna kila mwaka, alafu wanakunywa soda na juisi ya ukwaju, jioni wanaaga wanajua wenyewe wanapoelekea. Mama mkwe wangu alianza kuja Krismasi kwetu alipohakikisha hatakaa meza yenye chupa. Kwangu mama mkwe mezani ana thamani kuliko kreti zote.

Tarehe zikigongana tunafanyaje?

Zinagongana sana, kwa sababu mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, ni mfupi kwa siku kama 11, ndo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka mpaka izunguke miezi yote. Pasaka ya 2024 ilikuwa 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaanza siku hizohizo, nyumba nzima ikawa kwenye mfungo, na kusema kweli mimi nakipenda sana kipindi kama hicho, hakuna wa kumtamanisha mwenzake, wote mnapunguza maneno na matumizi.

Pasaka ikiwa ndani ya Ramadhani sisi tunaihamishia usiku. Asubuhi naenda misa, mchana watoto wadogo na wageni Wakristo wanapata kitu chepesi bila mbwembwe, alafu mlo mkubwa wa Pasaka unaliwa magharibi pamoja na futari. Tende, uji wa pilipili manga, viazi vitamu, alafu ndo vinakuja sato na pilau. Umechelewa masaa machache tu na umemweka mwenzako mezani, badala ya kumfanya azunguke nje akisubiri harufu iishe.

Na mjiandae mapema, Krismasi nazo zinakuja. Wakubwa mtakumbuka Krismasi ya 1998, 1999 na 2000 zote zilikuwa ndani ya Ramadhani. Kwa hesabu za mwezi, Krismasi ya 2031 na ya 2032 zitaangukia tena kwenye mfungo, na 2033 Eid itakuja siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Aliye na mtoto mdogo leo, huyo mtoto atakuwa anafunga kipindi hicho, anzeni kuongea.

Krismasi ya 2026 ni Ijumaa, na sisi tuna Waislamu na Wasabato. Msosi saa ngapi?

Swali zuri na mimi nimeshalipigia hesabu. Asubuhi ni misa. Mchana wanaume wa Kiislamu wana swala ya Ijumaa, sio siku ya kuwaambia wachelewe. Jua likizama, hapa kwetu mwezi wa 12 ni karibu saa moja jioni, Sabato inaingia na dada yangu anataka awe ameshafika kwake, ameoga, vyombo vimeoshwa. Kwahiyo mlo ni saa nane mchana, wanaotoka msikitini wanapitiliza mezani, na saa kumi na moja Wasabato wanaagwa bila kubembelezwa wakae kidogo. Usimbembeleze Msabato Ijumaa jioni. Mwaka 2027 Krismasi itakuwa Jumamosi yenyewe, hapo mimi tayari nimemwambia dada tutakula pamoja Jumapili tarehe 26, naye kafurahi.

Eid yenyewe mbona hatujui ni lini mpaka usiku?

Ndo ilivyo, mwezi unaandama au hauandami, na tangazo la Mufti linakuja usiku. Alafu kuna wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani, kwahiyo hata ndani ya familia moja ya Kiislamu shemeji mmoja anaswali leo na mwingine kesho. Wewe Mkristo uliyeolewa humo usichague upande, na usiulize mbele ya watu kwanini wamegawanyika. Pika kiasi cha siku mbili, Eid el-Fitr serikali inatoa siku mbili za mapumziko hata hivyo. Na ukiomba ruhusa kazini omba kuanzia mapema, mwambie bosi tarehe zote mbili.

Watoto waende kanisani au msikitini?

Hapa sitakudanganya, ndo sehemu inayouma. Mkatoliki anayefunga ndoa mseto anaahidi atafanya kila awezalo watoto wabatizwe. Muislamu naye anajua watoto wake ni Waislamu, kwake hilo halina mjadala. Ahadi mbili zinagongana na hakuna mbinu ya jikoni inayoweza kuzimaliza, lazima mkae wawili muongee mpaka mwisho, kabla ya mtoto hajazaliwa kama inawezekana.

Sisi tulikubaliana wanafuata baba, wanasoma madrasa, majina yao ni ya Kiislamu. Kuna siku bado inaniuma, hasa usiku wa mkesha wa Krismasi nikiona kina mama wenzangu na wanao kwenye benchi. Lakini wanangu wanajua Krismasi ya mama ni nini, mchana wanakuja na mimi kuangalia pango la kuzaliwa Yesu kanisani, na Mariamu wanamjua vizuri tu kwa sababu kwenye Qur'an ana sura yake, ya 19, wanaisoma kwa ustadh wao alafu wananihadithia. Hapo tunakaa tunaongea muda mrefu, wao wananiambia walivyofundishwa na mimi nawaambia ninavyoamini, na siwaambii ustadh kakosea. Na baba yao hajawahi kuwaambia padri wangu kakosea. Bila hilo la pili nisingeweza.

Kitu kingine, kusiwe na sikukuu tajiri na sikukuu maskini. Ukiwanunulia viatu vipya Eid na mkono wa Eid wanapata, alafu Krismasi ukasema hela imeisha, mtoto ameshajifunza dini ipi ni ya maana nyumbani na hukufungua mdomo. Kama bajeti ni ndogo gawanya, nguo moja Eid, viatu Krismasi.

Mama mkwe anataka nibadili dini, kila Eid analisema mbele ya wageni.

Pole sana. Kwanza ujue, kwa Waislamu walio wengi mwanaume wa Kiislamu anaruhusiwa kumuoa Mkristo akabaki Mkristo, kwahiyo ndoa yako haina kasoro kwa sababu hiyo. Pili, anayetakiwa kumjibu mama ni mwanae, sio wewe. Mume aende peke yake siku isiyo ya sikukuu, akae na mama yake amwambie kwa heshima. Wewe endelea na shikamoo yako na sahani yake ya kwanza. Ukimjibu wewe mbele ya mawifi, hata kama una haki, umepoteza.

Kama ni wewe ndo mume na mke wako ananyanyaswa na mama yako, usijifanye hujasikia.

Pande mbili ziko mbali, moja Sengerema nyingine mjini. Tuanzie wapi?

Kwa mwenye sikukuu. Eid kwa wazazi Waislamu, Krismasi kwa wazazi Wakristo, siku ya pili upande mwingine. Zamani Krismasi ya Sengerema ilikuwa inaliwa na foleni ya kivuko pale Kigongo, siku hizi toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unaweza kuswali Eid mjini asubuhi na jioni ukawa umeshasalimia ng'ambo. Wa Ukerewe bado mna meli, nyie laleni.

Nani aombee chakula?

Mwenye sikukuu, kwa kifupi, kwa sauti. Wengine wananyamaza kwa heshima na kila mmoja anasema bismillahi yake moyoni. Sala ya chakula isigeuke mahubiri, tumeshuhudia wajomba wanamalizia ugomvi wa mwaka mzima humohumo ndani ya sala wali ukiwa unapoa.

Na babu anayetambika? Wote tunamuogopa, hakuna anayeenda kwake.

Hili linanikera kweli. Tunajifanya tuna uvumilivu wa dini mbili alafu mzee aliyetuzaa tunamkimbia. Nenda kamsalimie babu. Mpelekee sukari, sabuni na blanketi, kaa naye. Akitaka kutambika una haki ya kusema babu hili sitashiriki, unakaa mbali na nyumba mpaka amalize, na nyama iliyochinjiwa mababu Muislamu na Wakristo wengi hawali, basi mwambieni mapema asiumie. Bibi atawaletea michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), au ugali na nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) za karanga, hapo hakuna wa kukataa. Sisi Wasukuma mbona mambo haya tulishayaweza, angalia tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, limetokana na sikukuu ya Ekaristi lakini makundi ya Bagika na Bagalu wanashindana ngoma na uwanjani kunajaa watu wa kila dini.

Ndugu yetu ni Shahidi wa Yehova, hasherehekei chochote.

Muacheni. Mwiteni siku ya kawaida isiyo na jina, atakuja na atakula vizuri.

Tunataka kuoana na dini ni tofauti, tuanze na nini?

Kisheria inawezekana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, mnatoa taarifa siku 21 kabla mnafunga bomani. Mkatoliki akitaka ndoa yake itambulike na Kanisa aende kwa paroko mapema aombewe kibali cha askofu. Ila kabla ya bomani na kabla ya paroko kaeni wawili, kila mmoja aseme hizi: watoto watakuwa dini gani, nani anachinja nyumbani, pombe inaingia au haiingii, mimi nikifunga wewe utakula wapi, mama yangu akikusema nitafanya nini, na siku nikifa nizikwe vipi na nani asimamie. Swali la mwisho wengi wanaliruka, alafu linakuja kuamuliwa na wajomba msibani. Mkishakubaliana yaandikeni mbaki nayo wote wawili, na wazazi wa pande zote waambiwe na mtoto wao mwenyewe kabla mshenga hajatumwa.